Lango la usalama wa mtoto: Namna ya kulifunga nyumbani bila kuharibu ukuta

Kadiri nyumba za ghorofa zinavyoongezeka katika Jiji la Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza, Arusha na miji mingine nchini, ndivyo familia nyingi zaidi zenye watoto wadogo zinavyoishi karibu na ngazi, varanda za juu na majiko yaliyo hatua chache kutoka sebuleni. Familia nyingi kati ya hizo ni za wapangaji. Mtoto ni wao, lakini ukuta ni wa mwenye nyumba.

Hali hiyo huwaweka wazazi na walezi katika mashaka. Wanatambua kwamba mtoto aliyeanza kutambaa anahitaji kizuizi, lakini wanahofia kutoboa ukuta, kubandua rangi au kuvunja kigae, na baadaye kudaiwa gharama za matengenezo wanapohama. Matokeo yake, wapo wanaoahirisha jambo hilo hadi mtoto anapoanguka, na wapo wanaoziba njia kwa kiti, meza ndogo au ndoo ya maji, vitu ambavyo mtoto huvisukuma, huvipanda au hutumbukia ndani yake.

Makala haya yanafafanua namna ya kuchagua na kufunga lango la usalama wa mtoto bila kuharibu ukuta, mahali ambapo njia hiyo inatosha, na mahali ambapo haitoshi na hivyo mpangaji analazimika kuzungumza na mwenye nyumba.

Kwa nini lango linahitajika

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), kuanguka ni chanzo cha pili duniani cha vifo vinavyotokana na ajali zisizokusudiwa, baada ya ajali za barabarani. Shirika hilo linakadiria kuwa watu 684,000 hufariki dunia kila mwaka kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Waathirika wakubwa wa vifo hivyo ni wazee, lakini watoto nao wametajwa kuwa miongoni mwa makundi yaliyo katika hatari kubwa ya kuumia.

Mtoto mdogo huanguka kwa urahisi kwa sababu ya maumbile yake. Kichwa chake ni kizito kikilinganishwa na mwili, mikono yake haijapata nguvu ya kuzuia anguko, na akili yake bado haijatambua maana ya kimo. Anapoinama ukingoni mwa ngazi, kichwa hutangulia. Aidha, mtoto hujifunza kutambaa na kusimama ndani ya muda mfupi. Jambo ambalo hakuliweza wiki iliyopita analiweza leo, wakati mlezi bado anamwona kuwa yuleyule wa jana.

Kwa upande wa Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mzazi wajibu wa kumlinda mtoto, ikiwa ni pamoja na kumkinga na mazingira hatarishi kwa mwili wake. Lango ni mojawapo ya njia za kutimiza wajibu huo. Hata hivyo, lango halichukui nafasi ya mlezi. Kazi yake ni kumpa mlezi muda wa kufika pale alipogeuka kidogo kuepua sufuria au kufungua mlango.

Aina mbili za lango

Malango ya watoto yanayouzwa madukani yamegawanyika katika makundi mawili, na tofauti yake ndiyo msingi wa makala haya.

Aina ya kwanza ni lango la kubana. Hili halina skrubu zinazoingia ukutani. Lina bolti nne, mbili kila upande, ambazo hukazwa hadi zinabana kuta mbili au fremu mbili zinazotazamana. Lango husimama kwa nguvu ya msuguano peke yake. Chini yake huwa na chuma kinachopita sakafuni kutoka upande mmoja hadi mwingine ili kuunganisha fremu.

Aina ya pili ni lango la skrubu. Hili hufungwa kwa bawaba upande mmoja na kitasa upande wa pili, kama mlango wa kawaida, na skrubu zake huingia ndani ya ukuta, nguzo au mbao. Halina chuma cha sakafuni. Likifungwa vizuri, haliwezi kuteleza.

Mpangaji anayeogopa kuharibu ukuta huvutiwa mara moja na lango la kubana, na katika sehemu nyingi za nyumba uamuzi huo ni sahihi. Lakini kuna sehemu moja ambako lango la kubana halifai hata kidogo, nayo ni juu ya ngazi.

Kwanza mahali, kisha lango

Kabla ya kununua chochote, familia inashauriwa kuzunguka nyumba na kuorodhesha sehemu zinazohitaji kuzibwa. Kila sehemu ina mahitaji yake.

Katika mlango wa jiko, lango la kubana linatosha. Endapo litateleza, mtoto atabaki kwenye sakafu ileile, na mlezi atakuwa karibu. Hali ni hiyo hiyo katika mlango wa chumba cha kulala, stoo, na ukumbi unaotenganisha vyumba.

Chini ya ngazi, yaani pale ngazi inapoanzia, lango la kubana linakubalika pia. Linamzuia mtoto asipande. Lifungwe kwenye sakafu kabla ya kidato cha kwanza, si juu ya vidato.

Juu ya ngazi, hali hubadilika. Lango la kubana likiegemewa na mtoto mwenye nguvu au kusukumwa na mtoto mkubwa anayekimbia, linaweza kuachia, na mtoto akaanguka pamoja nalo hadi chini. Hatari ya pili ni kile chuma cha sakafuni: mtu mzima aliyebeba mtoto usiku, umeme umekatika, anaweza kujikwaa juu yake akiwa ukingoni mwa ngazi. Kwa sababu hizo mbili, maelekezo ya watengenezaji hukataza lango la kubana kutumika juu ya ngazi. Katazo hilo lizingatiwe hata kama ukuta ni mpya na mwenye nyumba ni mkali.

Katika varanda ya ghorofani, lango la mtoto si kinga ya kutosha. Mlango wa varanda ufungwe kwa komeo lililo juu, nje ya kimo cha mtoto, na viti, masanduku na vyungu vya maua visiwekwe karibu na ukingo.

Ukuta huharibika vipi

Watu wengi huamini kuwa lango la kubana haliharibu ukuta kwa kuwa halina skrubu. Imani hiyo si sahihi. Nguvu inayolishikilia lango ndiyo hiyo hiyo inayoukandamiza ukuta, na nguvu hiyo huishia kwenye ncha nne ndogo.

Ncha ya bolti yenye kipenyo cha sentimita 2 ina eneo la takribani sentimita 3 za mraba. Nguvu yote ya upande huo ikiishia hapo, lipu hubonyea, rangi hupasuka, na baada ya miezi kadhaa hubaki shimo la duara. Nguvu ileile ikisambazwa juu ya kipande cha ubao chenye sentimita 8 kwa 8, ambacho kina sentimita 64 za mraba, mgandamizo juu ya ukuta hupungua takribani mara 20. Hiyo ndiyo siri ya kulinda ukuta: lango likazwe sawasawa, lakini nguvu yake isambazwe mahali pakubwa.

Aina ya ukuta nayo ina nafasi yake. Ukuta wa tofali za saruji uliopigwa lipu nzuri huhimili mgandamizo bila shida, ingawa rangi yake huweza kuchubuka. Lipu yenye mchanga mwingi humomonyoka. Dalili yake ni vumbi linalobaki kidoleni ukuta unaposuguliwa. Ukuta wa jipsamu, unaotumika kugawa vyumba katika majengo ya kisasa, una uwazi ndani. Ukikandamizwa katikati ya uwazi huo hupasuka, hivyo bolti zielekezwe mahali penye fremu ya ndani, ambapo ukuta ukigongwa kwa kidole hutoa mlio mzito. Kigae kilichobandikwa vibaya nacho hutoa mlio wa uwazi, na hakifai kubanwa.

Katika nyumba za kale za Mji Mkongwe wa Zanzibar, kuta zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na kupigwa lipu ya chokaa, na ngazi nyingi ni nyembamba na zenye mwinuko mkali. Chokaa ni laini kuliko saruji, hivyo hubonyea kwa urahisi. Eneo hilo liliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na majengo yake yako chini ya usimamizi wa uhifadhi. Familia zinazoishi humo zina sababu ya ziada ya kutumia fremu za milango ya mbao badala ya kuta.

Jambo jingine ni rangi. Mpira mweusi ulio kwenye ncha za baadhi ya malango huacha alama juu ya rangi ukikaa kwa muda mrefu, hasa kwenye joto na unyevu wa mwambao. Gundi ya pande mbili nayo, ambayo hupendekezwa mara nyingi kwa wapangaji, hung'oa rangi ya maji wakati wa kubanduliwa. Ni vyema kuijaribu kwanza mahali pasipoonekana, nyuma ya kabati kwa mfano, na kuiacha kwa siku kadhaa kabla ya kuitumia mahali pa wazi.

Hatua za kufunga lango la kubana

Hatua ya kwanza ni kupima. Upana wa njia upimwe mahali patatu: chini, katikati na juu ya kimo cha lango. Mara nyingi vipimo hivyo havilingani, kwa sababu chini ya ukuta kuna ukanda wa vigae au mbao ambao mafundi huuita skatingi. Lango linalonunuliwa liwe na uwezo wa kufikia vipimo vyote vitatu. Bolti zisivutwe nje kupita alama ya mwisho iliyowekwa na mtengenezaji. Njia ikiwa pana, kitumike kipande cha kuongezea kinachouzwa kwa ajili ya lango hilohilo.

Hatua ya pili ni kuchagua mahali pa kubana. Fremu ya mlango ya mbao ngumu au ya chuma ni bora kuliko ukuta, kwa kuwa ni imara na ni rahisi kurekebisha. Fremu ya aluminiamu nyembamba isibanwe katikati, kwani hupinda.

Hatua ya tatu ni kuandaa ubao wa kinga. Fundi seremala anaweza kukata vipande viwili vya plaiwudi yenye unene wa milimita 12, upana wa takribani sentimita 10, na urefu unaoanzia sakafuni hadi juu kidogo ya lango. Kwa kuwa ubao unasimama juu ya sakafu, hauwezi kushuka, na bolti ya juu na ya chini zote hukandamiza ubao mmoja. Pale penye skatingi, ubao uanzie juu yake na kukaa juu ya ukingo wake, au uongezwe kipande nyuma ili usimame wima. Kingo zake zipigwe msasa, na upande unaogusa ukuta ubandikwe kitambaa kizito cha pamba ili rangi isichubuke.

Hatua ya nne ni kufunga visahani. Malango mengi huuzwa na visahani vidogo vinne vya plastiki ambavyo ncha za bolti huingia ndani yake ili zisiteleze. Wanunuzi wengi huvitupa kwa sababu maelekezo yanataka vifungwe ukutani kwa skrubu. Badala ya kuvitupa, vifungwe kwa skrubu fupi kwenye ubao wa kinga. Kwa njia hiyo bolti hushikwa, na skrubu haifiki ukutani. Skrubu iwe fupi kuliko unene wa ubao pamoja na kisahani.

Hatua ya tano ni kukaza. Lango jipya likitolewa ndani ya boksi huonekana kama limepinda: kitasa hakifikii mahali pake na kuna mwanya mkubwa. Hilo si kasoro. Fremu hunyooka kadiri bolti zinavyokazwa. Bolti zikazwe kidogo kidogo, kwa kupokezana kulia na kushoto, juu na chini, huku pima maji ikiwekwa juu ya lango kuhakikisha limelala sawa. Kazi hiyo ikamilike pale kitasa kinapofunga chenyewe bila kulazimishwa.

Hatua ya sita ni kujaribu. Lango lisukumwe kwa nguvu mahali patano: katikati na katika pembe zote nne. Nchini Marekani, ambako viwango vya malango ya watoto vilifanywa kuwa vya lazima kisheria kuanzia mwaka 2021, lango hujaribiwa katika sehemu hizo tano kwa nguvu inayolingana na uzito wa takribani kilo 13.6. Nyumbani hakuna mashine ya kipimo hicho, lakini mtu mzima anayesukuma kwa mkono ulionyooka atatambua kama lango linahama. Likihama hata kidogo, likazwe upya au lihamishwe mahali pengine.

Bolti hulegea kutokana na kufungua na kufunga kwa kila siku, na mbao hujaa au kusinyaa kulingana na unyevu wa hewa. Kwa hiyo lango likaguliwe na kukazwa angalau mara moja kwa wiki.

Juu ya ngazi: njia zilizopo

Kwa kuwa lango la kubana halifai juu ya ngazi, mpangaji anazo njia nne, na zinafaa kujaribiwa kwa mpangilio huu.

Njia ya kwanza ni kuhamisha mpaka. Badala ya kuziba ngazi yenyewe, huzibwa milango inayoelekea kwenye ngazi. Ikiwa mtoto hulala na kucheza katika chumba kimoja cha juu, lango la kubana katika mlango wa chumba hicho humweka mbali na ngazi. Likiachia, bado kuna hatua kadhaa za sakafu kabla ya ukingo, na mlezi ana muda wa kufika.

Njia ya pili ni kutumia mlango uliopo. Nyumba nyingi zina mlango kati ya sebule na ngazi ambao huachwa wazi kutwa nzima. Komeo dogo lililofungwa juu ya fremu ya mbao, nje ya kimo cha mtoto, linaweza kumaliza tatizo, na matundu yake hayafiki ukutani.

Njia ya tatu inahusu ngazi zenye reli pande zote mbili. Hapa lango la skrubu linaweza kufungwa bila kugusa ukuta wala kutoboa reli. Ubao wima hukazwa kwenye nguzo ya reli kwa vibano vya chuma vyenye bolti na nati, vikiwa vimewekewa kitambaa ndani ili visichubue rangi. Bawaba na kitasa hufungwa kwenye ubao. Vibano visipungue viwili kila upande, na reli yenyewe ihakikishwe kuwa haitikisiki kabla ya kazi kuanza.

Njia ya nne inahusu ngazi yenye reli upande mmoja na ukuta upande wa pili, ambayo ndiyo ya kawaida katika nyumba nyingi. Upande wa reli hutumika vibano. Upande wa ukuta hakuna budi kutumia skrubu. Hata hivyo, uharibifu unaweza kupunguzwa: ubao mmoja hufungwa ukutani kwa skrubu chache zilizochaguliwa mahali imara, na vifaa vyote vya lango hufungwa kwenye ubao huo. Lango likibadilishwa au kurekebishwa, ukuta hautobolewi tena.

Kabla ya kutoboa, ichunguzwe ilipo swichi au soketi, kwa kuwa nyaya za umeme mara nyingi hupita ndani ya ukuta kwenda juu au chini yake kwa mstari ulionyooka. Mabomba ya maji ya bafu lililo nyuma ya ukuta nayo yazingatiwe. Lango lolote la juu ya ngazi lifungukie upande wa sakafu, kamwe lisifungukie upande wa vidato.

Mpangaji na mwenye nyumba

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, inayotumika Tanzania Bara, inamtaka mpangaji kutunza majengo aliyopangishwa na kuyarejesha katika hali aliyoyakuta, isipokuwa uchakavu unaotokana na matumizi ya kawaida. Matundu ya skrubu si uchakavu wa kawaida. Kwa sababu hiyo, mpangaji anayehitaji kutoboa ukuta anapaswa kuomba ridhaa kwanza, na ni busara ombi na jibu vyote viwe kwa maandishi.

Barua ya ombi haina haja ya kuwa ndefu. Itaje umri wa mtoto, mahali lango litakapowekwa, idadi ya matundu yatakayotobolewa, na ahadi ya mpangaji kuyaziba na kupaka rangi kabla ya kuhama. Picha za ukuta zichukuliwe kabla na baada ya kazi. Nakala moja abaki nayo mpangaji, nyingine mwenye nyumba. Mpangaji wa nyumba ya taasisi awasiliane na ofisi inayosimamia jengo, kwa kuwa taratibu za matengenezo hutofautiana.

Mwenye nyumba naye ana sababu ya kukubali. Gharama ya kuziba matundu machache ni ndogo na kazi yake ni ya siku moja au mbili. Tundu husafishwa vumbi, huloweshwa kidogo, hujazwa puti ya ukutani, huachwa likauke, hupigwa msasa na kupakwa rangi. Ugumu hutokea pale rangi mpya isipofanana na ya zamani. Hivyo mwenye nyumba anayehifadhi jina na namba ya rangi aliyotumia humrahisishia kazi mpangaji, na hujirahisishia yeye mwenyewe.

Kununua au kuchongesha

Familia inayonunua lango dukani ihakikishe kuwa limeandikwa kiwango kilichotumika kulitengeneza. Malango ya Ulaya huonesha alama EN 1930, na ya Marekani ASTM F1004. Maelekezo ya kufunga na bolti zote ziwepo ndani ya boksi. Malango ya zamani ya kukunjwa, yenye mbao zinazokutana na kuacha nafasi za umbo la V upande wa juu, yasitumike, kwa kuwa kichwa au shingo ya mtoto inaweza kunasa. Lango lililotumika likaguliwe kama lina nyufa, kutu au kitasa kilicholegea. Bidhaa inayotiliwa shaka kuhusu ubora wake inaweza kuripotiwa kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Kwa wanaochongesha kwa fundi seremala au fundi wa vyuma, vipimo vifuatavyo vizingatiwe. Nondo au fito zisimame wima, kwa kuwa zikilazwa huwa ngazi ya mtoto kupandia. Nafasi kati ya fito isizidi sentimita 6.5, ili mwili wa mtoto usipite na kichwa kisinase. Mwanya wa chini usizidi sentimita 5. Kimo cha lango kisipungue robo tatu ya kimo cha mtoto. Rangi iwe isiyo na madini ya risasi, kwa sababu watoto hutafuna kila kinachofika mdomoni.

Matumizi ya kila siku

Lango lililofungwa vizuri hupoteza maana likiachwa wazi. Wanafamilia wote, wakiwemo dada wa kazi, babu, bibi na watoto wakubwa, waelekezwe kulifunga kila wanapopita. Mtu mzima asilivuke kwa kuruka. Mtoto huiga, na mrukaji aliyebeba mtoto anaweza kuanguka naye. Vitu vya kuchezea, mito na viti visiwekwe karibu na lango.

Lango lisifungwe kwa kufuli wala kamba. Moto ukitokea, kila mtu mzima ndani ya nyumba lazima aweze kulifungua kwa mkono mmoja, hata gizani, huku mkono wa pili umembeba mtoto. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linapatikana kwa namba ya dharura 114.

Malango mengi yametengenezwa kwa ajili ya watoto wenye umri wa miezi 6 hadi 24. Mtoto akianza kulipanda au kulifungua mwenyewe, hata kabla ya kufikia umri huo, lango liondolewe. Kwa mtoto wa aina hiyo, lango huongeza kimo cha anguko. Wakati huo ndio wa kumfundisha kushuka ngazi kwa kutanguliza miguu, akitazama vidato na kushika reli, mlezi akiwa chini yake.

Mtoto akianguka

Endapo mtoto ameanguka kutoka ngazini, apelekwe kituo cha afya au hospitali mara moja iwapo amepoteza fahamu hata kwa muda mfupi, anatapika mara kwa mara, amepata degedege, ana usingizi usio wa kawaida au ni vigumu kumwamsha, anatokwa damu au majimaji puani au masikioni, au hawezi kutumia mkono au mguu. Ikidhaniwa kuwa ameumia shingo au mgongo, asinyanyuliwe ovyo. Aachwe alale alivyo, kichwa kikishikiliwa kisitikisike, hadi msaada ufike.

Kwa ujumla, sehemu kubwa ya nyumba inaweza kuwekewa kinga bila tundu hata moja ukutani, mradi mahali pachaguliwe vizuri, nguvu ya lango isambazwe kwa ubao, na bolti zikaguliwe kila wiki. Inapobaki sehemu moja isiyokubali njia hiyo, yaani juu ya ngazi yenye ukuta upande mmoja, mpangaji na mwenye nyumba wakae wakubaliane. Tundu la skrubu huzibwa kwa puti na rangi ndani ya siku mbili, lakini madhara ya mtoto kuumia kichwa yanaweza kubaki naye maisha yake yote.